Video ipo, na bado wanakana: uchambuzi wa kisa cha Mazan

Tarehe 12 Septemba 2020, katika supamaketi moja ya Carpentras, kusini mwa Ufaransa, mlinzi alimkamata mzee akirekodi kwa simu chini ya sketi za wanawake. Polisi walichukua simu zake, kompyuta na diski. Ndani ya diski moja walikuta folda ambayo mwenyewe aliipa jina la "unyanyasaji", na humo maelfu ya picha na video za mke wake akiwa hana fahamu, huku akiingiliwa na wanaume asiowajua. Mzee huyo ni Dominique Pelicot, mkazi wa kijiji cha Mazan, karibu na hapo. Kuanzia 2011 hadi 2020 alikuwa akimtilia mkewe, Gisèle, dawa za usingizi kwenye chakula na vinywaji, kisha akiwaita wanaume kupitia chumba cha soga cha tovuti ya Coco. Jina la chumba hicho kwa Kiswahili ni sawa na kusema "bila mwenyewe kujua".

Kesi ilifunguliwa katika mji wa Avignon tarehe 2 Septemba 2024, na hukumu ikasomwa tarehe 19 Desemba. Washtakiwa walikuwa 51, wa miaka 26 hadi 74: dereva wa lori, zimamoto, muuguzi, askari, mwandishi wa habari, wastaafu. Hakuna aliyetoka bila hatia. Pelicot alipata miaka 20, adhabu ya juu kabisa, na wengine walipata kuanzia miaka 3, kwa baadhi sehemu yake ikiwa imeahirishwa, hadi 15.

Kwa anayefanya kazi na watuhumiwa wa makosa ya ngono, kisa hiki kina jambo adimu. Kwa kawaida kesi hizi ni neno la huyu dhidi ya neno la yule, kwa hiyo mtuhumiwa akikana, hakuna njia ya kujua kama anakana kweli au anakana uongo. Hapa tendo limerekodiwa, lina tarehe na lina sauti. Wanaume wapatao 50 waliingia, mmoja mmoja, kwa mwaliko uleule na mwenyeji yuleyule, na ushahidi dhidi yao ukawa wa aina moja. Hata hivyo wengi wao walisimama kizimbani wakasema hawakubaka. Kwa hiyo hatuwezi kusema walikana kwa sababu ushahidi haukutosha. Lazima tutafute sababu pengine.

Walikana nini hasa

Kosa la kwanza la wapelelezi wengi, na hata wanasaikolojia, ni kuandika kwenye ripoti neno moja tu, "anakana", kana kwamba jibu ni ndiyo au hapana. Kukana kuna matabaka. Mtu anaweza kukana tendo lenyewe. Akakubali tendo lakini akakana kwamba alijua mwenzake hana ridhaa. Akakubali kwamba alijua, lakini akakana kwamba alikusudia. Akakubali yote hayo lakini lawama akamtwisha mwingine. Akakana kwamba kuna aliyeumia. Au akakubali kila kitu isipokuwa jina, yaani "nilifanya, lakini mimi si mbakaji". Mlango mmoja ukifungwa, mtu huhamia unaofuata.

Mazan inaonyesha uhamaji huo vizuri kuliko kitabu chochote cha darasani. Tabaka la kwanza lilikufa mapema, kwa kuwa huwezi kuruka kimanga mbele ya video inayoonyesha uso wako. Tabaka la pili ndilo lililobeba utetezi wa wengi: walidhani ni mchezo wa wanandoa wenye mambo yao, na kwamba mke alikuwa anajifanya amelala. Ushahidi dhidi ya maelezo hayo ulikuwa mzito. Kwenye video Gisèle anasikika akikoroma. Isitoshe, wageni walipewa masharti: wasiegeshe gari karibu na nyumba, wasijipake manukato wala kunuka sigara, wavue nguo jikoni, wapashe mikono moto kabla ya kumgusa, wazungumze kwa kunong'ona. Mtu anayejifanya amelala haamshwi na mikono ya baridi.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Ukiwauliza watu kukana kulianza lini, watakuambia kulianza kituo cha polisi. Masharti yale yanatuonyesha kwamba kulianza mapema zaidi, kwenye maegesho. Mwanaume aliyepokea agizo la kupasha mikono moto alikuwa na swali moja rahisi la kuuliza: mwanamke mwenyewe amesema nini? Ushahidi haukuonyesha wageni wakimtafuta Gisèle kumwuliza, kabla wala baada. Kutouliza huko si usahaulifu. Ni kazi ambayo akili inaifanya ili baadaye mtu aweze kusema "sikujua" bila kujisikia anadanganya. Utetezi wa mahakamani ulikuwa umeshaandaliwa usiku uleule, sehemu yake kwa kujua na sehemu bila kujua.

Ndiyo maana swali la "Je, anadanganya au anaamini anachosema?" halina faida kubwa. Wapo waliodanganya waziwazi, na wapo ambao, baada ya miaka kadhaa ya kujisimulia hadithi ileile, waliiamini. Wengi walikuwa katikati.

Tabaka la wajibu nalo lilitumika sana. Pelicot aliwatega, Pelicot aliwatisha, Pelicot aliwanywesha kitu. Dai la kunyweshwa dawa halikuweza kupimwa, maana miaka ilikuwa imepita, na Pelicot mwenyewe alilikataa. Zimamoto mmoja alilieleza jambo lake kwa namna iliyobaki midomoni mwa watu: mwili ulikuwa wake, lakini akili haikuwa yake. Kauli hiyo ilichekwa nje ya mahakama. Kwa mtathmini, ni dirisha. Mtu huyo anakubali kila kitu kinachoonekana kwenye video, na anaokoa kile kisichoonekana.

Sheria ndiyo iliyochonga umbo la utetezi

Mwanasaikolojia asiyejua sheria ya mahali pake atauona kila utetezi kuwa dalili ya nafsi. Sivyo. Wakati wa kesi hiyo, sheria ya Ufaransa ilieleza ubakaji kuwa ni kuingilia kwa nguvu, shuruti, tishio au kushtukiza. Neno ridhaa halikuwamo katika tafsiri. Mwendesha mashtaka alipaswa kuthibitisha pia nia, kwamba mshtakiwa alijua analazimisha. Mawakili wakaegemea hapohapo: hakuna nia, hakuna ubakaji. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoonekana kuwa kukana kisaikolojia ilikuwa mkakati wa wakili, na mteja akaukariri hadi ukawa wake.

Linganisha na Kenya. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaeleza ridhaa kuwa ni kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua, na inataja wazi aliyelala, aliyepoteza fahamu na aliye chini ya dawa miongoni mwa wasioweza kuridhia. Utetezi wa "nilidhani amelala kwa hiari yake" haupati pa kushika kwa urahisi huo. Bunge la Ufaransa liliingiza ridhaa kwenye tafsiri ya ubakaji Oktoba 2025, baada ya kisa hiki, na kuweka kwamba ukimya peke yake, au kutoitikia, si ridhaa.

Yanayomshikilia mtu kwenye kukana

Aibu kwanza. Aibu na majuto ni vitu viwili, na kuvichanganya kunaharibu kazi. Majuto husema "nimefanya jambo baya", na humsukuma mtu kutengeneza. Aibu husema "mimi ni mbaya", na humsukuma kujificha. Mtafiti June Tangney ametumia miaka mingi kuonyesha tofauti hiyo. Mtu mwenye aibu nzito hakani kwa kuwa hajali. Mara nyingi anakana kwa kuwa akikubali hatabaki na kitu cha kusimamia. Avignon walipita wake, waliokuwa wapenzi na ndugu, wakaeleza kwamba mshtakiwa wanayemjua ni mtu mwema. Mashahidi hao hawakuwa na la kusema kuhusu usiku wa Mazan. Kazi yao ilikuwa kulinda jina. Na kila shahidi wa namna hiyo anampandishia mshtakiwa bei ya kukiri, kwa sababu akikiri kesho, anamfanya mama yake kuwa mwongo.

Pili, picha ya mbakaji iliyomo vichwani. Watu wengi wanamjua mbakaji mmoja tu: mtu asiyejulikana, kichochoroni, mwenye kisu. Mtu aliyealikwa na mwenye nyumba, akavua viatu na kuzungumza kwa adabu, hajioni kwenye picha hiyo. Anapoambiwa "umebaka", anajilinganisha na picha, haifanani, na anajibu hapana kwa moyo mweupe. Wakili mmoja wa utetezi alisema mwanzoni mwa kesi kwamba kuna ubakaji na kuna ubakaji. Alishambuliwa sana, lakini ndivyo hasa wateja wake walivyofikiri.

Imo pia ile imani ya kale kwamba mume akiridhia yatosha. Wapo waliolieleza jambo hilo bila kificho: ni mke wake, na yeye ndiye aliyewakaribisha. Wasomaji wa upande wetu wasiharakishe kuliona hilo kuwa la Wazungu. Kwenye vikao vya familia vinavyomaliza kesi za ubakaji kwa mbuzi na fidia, swali la kwanza mara nyingi ni mwanamke yule ni wa nani.

Wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza walieleza mwaka 1957, kwa vijana wahalifu wa kawaida, njia tano za kujivua lawama: kukana wajibu, kukana madhara, kumkana mwathirika, kuwashutumu wanaokushutumu na kudai ulikuwa unatii kitu kikubwa zaidi. Nyingi kati yake zilisikika Avignon, ikiwamo ile ya nne. Gisèle aliyekubali kesi isikilizwe hadharani aliulizwa maswali yaliyomgeuza kuwa mtuhumiwa, naye alisema wazi kwamba alijisikia kudhalilishwa. Mtindo huo una hatua tatu zinazojulikana kwa wanaofanya kazi hii: kana, shambulia, kisha geuza, mkosaji awe mwathirika na mwathirika awe mkosaji.

Mengine yalikuwepo lakini hayakuwa na uzito sawa kwa kila mtu: hofu ya kifungo na kupoteza watoto, pombe, tamaa inayopunguza uwezo wa kusoma dalili, historia ya kudhulumiwa utotoni. Hili la mwisho lilitajwa mara nyingi na wataalamu waliowapima washtakiwa. Linasaidia kueleza jinsi mtu alivyojifunza kujitenga na kile mwili wake unachofanya. Halielezi kwa nini alikwenda Mazan.

Aliyekiri, na mahali kukiri kwake kulipoishia

Pelicot mwenyewe alionekana kuwa kinyume cha wenzake. Alisema kizimbani kwamba yeye ni mbakaji, kama wote waliomo ukumbini. Madaktari hawakumkuta na ugonjwa wa akili unaoondoa wajibu. Walichoeleza ni nafsi iliyopasuka vipande viwili, mume na babu mwema upande mmoja na mtu wa usiku upande wa pili, kila kimoja kikiishi bila kukisumbua kingine.

Lakini tazama mipaka. Alikiri yaliyomo kwenye video. Kuhusu binti yake, ambaye picha zake akiwa amelala zilipatikana kwenye vifaa vyake, alikana kwamba alimlevya au kumgusa. Kuhusu jaribio la ubakaji la 1999 karibu na Paris, alikana hadi vinasaba vilipomwonyesha, ndipo akakubali. Kesi nyingine ya 1991, ya mauaji, anaikana na bado inachunguzwa. Kwa hiyo yeye naye si "mtu anayekiri". Hakuna tabia ya kudumu inayoitwa kukiri. Kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyabeba mbele ya watu, na mambo asiyoweza. Ubakaji wa mke aliubeba. Tuhuma za binti hakuzibeba.

Makosa ya ripoti

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika kwamba mtu ni hatari zaidi kwa sababu anakana. Karl Hanson na Monique Bussière walipounganisha tafiti 61 mwaka 1998, hawakukuta kwamba kukana kunatabiri kurudia kosa la ngono. Tafiti za baadaye zimeleta sura ngumu zaidi, hasa kwa waliowakosea watoto wa familia zao, lakini kanuni ya "anakana, basi atarudia" haina msingi. Viashiria vizito viko kwingine: makosa ya ngono ya nyuma, mvuto wa kingono usio wa kawaida, maisha ya kuvunja sheria kwa ujumla. Shadd Maruna na Ruth Mann waliongeza hoja inayokera lakini ya kweli: kutoa visingizio baada ya kukosea ni jambo la kibinadamu, na anayekubali lawama zote bila kisingizio si lazima awe amepona.

Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama. Programu yake kuu ya magereza kwa wakosaji wa ngono ilidai mshiriki asimulie kosa lake kwa kina na kulikubali. Tathmini iliyochapishwa 2017 ilionyesha kwamba 10% ya walioshiriki walirudia kosa la ngono, dhidi ya 8% ya waliofanana nao wasioshiriki. Programu ikafutwa. Iliyochukua nafasi yake kwa walio wengi, Horizon, ilimpokea hata anayekana, na kazi yake kubwa ilikuwa ujuzi wa maisha: kusimamia hisia, uhusiano, mipango ya baada ya kifungo.

Kosa la pili ni mpelelezi kumpa mtuhumiwa kisingizio ili akiri haraka. "Najua hukukusudia, alikuchokoza, sivyo?" Saini inapatikana siku hiyohiyo. Lakini kisingizio hicho sasa kimeandikwa kwenye jalada la serikali, na miaka mitatu baadaye mtu wa tiba atakikuta kimeota mizizi.

La tatu ni kuonyesha ushahidi wote mwanzoni. Mshtakiwa aliyeona video kabla ya kusimulia atajenga maelezo yanayopita katikati ya mianya ya video. Utaratibu bora ni huu. Mwache asimulie siku nzima kwa maneno yake, tangu alipopokea ujumbe wa kwanza hadi alipolala nyumbani kwake, bila kukatizwa. Rudi kwenye simulizi dakika kwa dakika: uliegesha wapi, nani alikuambia, ulivua viatu wapi, ulisikia sauti gani. Uliza matendo, usiulize majina. "Ulimbaka?" hufunga mlango; "Ulijuaje kwamba anataka?" huufungua, na mtu hujikuta hana jibu. Andika maneno yake kama yalivyo, kwa kuwa tofauti kati ya "alikuwa amelala" na "alionekana amelala" ndiyo tofauti kati ya tabaka mbili. Ushahidi uje baadaye, kipande kimoja kimoja, na kila kipande kifuatwe na swali la wazi.

Yote hayo yakumbuke mpaka mmoja: kabla ya hukumu, mtu ni mtuhumiwa. Mwanasaikolojia aliyeitwa na mahakama hana kazi ya kumfanya akiri. Anayekana anaweza kuwa hana hatia, na kesi zisizo na video ndizo nyingi. Ripoti inaeleza namna mtu anavyofikiri, haiamui alifanya nini.

Na hatari ya kujiua isisahaulike. Siku za kwanza baada ya kukamatwa, na siku kukana kunapovunjika, ni siku za kumtazama mtu kwa karibu. Daktari wa gereza aambiwe kabla.

Nîmes, Oktoba 2025

Waliokata rufaa walikuwa 17. Mmoja mmoja walijiondoa, akabaki mmoja. Safari hii, katika mahakama ya rufaa ya Nîmes, palikuwa na baraza la wazee wa mahakama kutoka kwa raia, na video zikaonyeshwa tena. Mrufani alisema hakukusudia, kwamba naye alitegwa, kwamba naye ni mwathirika. Gisèle alimwambia ana kwa ana akubali alichofanya na aache kujificha nyuma ya woga. Hakubadilika. Kifungo chake kilipanda kutoka miaka 9 hadi 10.

Mtu wa tiba atakayempokea gerezani hatapata mengi kwa kubishana naye juu ya neno "ubakaji". Neno hilo ameligombea mahakama mbili na kushindwa zote. Mahali pa kuanzia ni jikoni pale, nguo zikiwa zimevuliwa na mikono ikipashwa moto. Aulizwe alikuwa akifikiri mikono hiyo inapashwa moto kwa ajili ya nini, kisha aachwe akae na swali hilo hata vikao vitatu.